Ombi la Kubadilishiwa Neno Kabla ya Jumamosi

Verlyn Haugstad,
Nyumba ya kijani yenye boti uani,
Barabara ya Kaunti Namba 9,
Fossby, Minnesota.
Jumatatu, 9 Septemba.

Kwa Bibi Msimamizi,
Hifadhi ya Jimbo ya Ziwa Tverdal.

Bibi Renner, mheshimiwa,

YAH: KUBADILISHIWA NENO LA SIRI LA NJIA YA MAPOROMOKO KABLA YA JUMAMOSI SAA SITA MCHANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza nikujulie hali. Natumaini u mzima, wafanyakazi wako ni wazima, na yule dubu wa kambi ya juu amekwisha kurudisha kasha la vinywaji la wageni wa watu. Mimi mwili wangu hauna neno. Roho ndiyo haijatulia kwa wiki tatu sasa, na chanzo ni hifadhi yako.

Kwa sura unanijua. Ni yule mzee wa kofia nyekundu ya kufunika masikio, anayefika dirishani kwenu kila tarehe mbili Januari kununua stika ya mwaka ya kuingiza gari hifadhini, theluji ikiwa magotini, wakati binti yenu wa mapokezi bado anatafuta ufunguo wa droo. Usilolijua ni kwamba kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa maziwa wa kaunti hii kwa miaka thelathini na minne. Nimeingia mabanda ya ng'ombe yasiyo na idadi. Nimekataa jibini, nimekataa soseji, nimekataa hata mtoto wa paka niliyewekewa mfukoni bila ridhaa yangu. Mtu wa namna hiyo akikuandikia barua, ujue la mgambo limelia.

Kwa ajili ya faili lako, niweke mambo sawa. Jimbo lina hifadhi hamsini na tisa. Kila hifadhi ina njia moja ya Klabu ya Watembeaji, na katikati ya kila njia, mahali ambapo miguu imeshaanza kulalamika, kuna kibao cha kahawia chenye neno moja la siri kwa rangi ya njano. Mtembeaji analinakili kwenye kitabu chake. Akimaliza zote, msimamizi wa hifadhi ya mwisho anafungua kitabu mbele ya watu, analisoma neno la mwisho kwa sauti, watu wanalirudia kwa kelele, mtembeaji anapewa ubao wenye jina lake, halafu watu wanakula. Fedha hakuna, wala kombe. Unachopata ni ule ubao, na heshima ya kwamba kila neno umelifuata kwa miguu yako mwenyewe.

Mimi na dada yangu Ardis tulianza miaka ishirini na miwili iliyopita, vuli ile aliyofariki mumewe, shemeji Duane. Dada alikuwa amekaa dirishani wiki sita akiangalia barabara isiyopita mtu. Nikamfuata nikamwambia, "Dada, vaa viatu, twende tukatafute neno." Akanijibu, "Neno gani, wewe mtoto? Kila anayeniletea bakuli la viazi ananiletea na maneno, nimeshiba yote mawili." Lakini viatu akavaa. Tangu siku hiyo, Ijumaa ikigonga saa kumi alasiri gari limeshajaa: hema, mablanketi, chupa ya kahawa, soseji za kuchoma, dawa ya mbu ambayo mbu wa huku wanaipenda, na dada kiti cha mbele akinifundisha kuendesha. Mke wangu LaVonne alikuja nasi mara mbili. Akasema anatupenda sana, mmoja mmoja, lakini si wote wawili ndani ya hema moja, akabaki nyumbani kwa amani. Sisi tumelala kwenye mvua ya mawe. Tumegombana juu ya ramani mpaka kulungu wakasimama kutusikiliza. Hifadhi hamsini na nane tumezimaliza bega kwa bega, na hii yako, iliyo maili tisa tu kutoka nyumbani, tuliiweka ya mwisho kwa makusudi. Mpango ulikuwa tuitembee pamoja Jumamosi hii asubuhi, kisha sherehe saa sita kwenye kibanda cha ziwani. Wageni sitini wameitikia. Keki imeagizwa, na juu yake yataandikwa majina yetu wawili kwa sukari ya bluu.

Sasa nieleze malalamiko yangu.

1. Kwamba dada Ardis alitangulia.

Alhamisi ya tarehe 15 Agosti alikuja kwako peke yake, bila kuniaga, akatembea Njia ya Maporomoko: maili tatu na nusu na ngazi mia moja na kumi na mbili, akiwa na nyonga mpya aliyowekewa mwezi wa tatu. Nilipomuuliza alisema, "Ah, nilikuwa napita tu." Bibi Renner, mtu hapiti tu kwenye ngazi mia moja na kumi na mbili. Alitaka kunishinda, hakuna jingine. Ana miaka sabini na sita na amekuwa akinishinda tangu nina miaka minne. Hili naliweka la kwanza lakini silo zito. Nimeshamsamehe, na ninalitaja kwa sababu bado linaniuma.

2. Kwamba alimwaga mtama penye kuku wengi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tukinywa kahawa. Dada alikuwa akiisimulia meza nzima: maporomoko yalivyonguruma, tai alivyopita juu ya kichwa chake, ngazi alivyozipanda kama mbuzi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Ghafla akapiga meza kwa kiganja: "Na neno lenyewe sasa, mtacheka, neno lenyewe ni..." Akalisema. Salaale! Alilisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

Utauliza kwa nini sikuziba masikio. Swali zuri, nami nimejiuliza usiku na mchana. Mkono wa kulia ulikuwa na kikombe. Wa kushoto ulikuwa na sahani niliyopewa na mke wa mchungaji, na juu yake kulikuwa na kipande cha mwisho cha keki ya karanga. Kipande hicho kilikuwa kimekatwa nusu, na nusu ya nusu, na nusu ya hiyo tena, kwa kuwa hakuna mtu wa kwetu anayekula kipande cha mwisho akaonekana. Sahani ya namna hiyo haiwekwi chini. Ukiiweka, mke wa mchungaji ataona keki yake haikupendeza, na mwaka ujao hatutapikiwa tena.

Utauliza pia kwa nini sikuondoka. Niondoke vipi bila kuaga? Na kuaga kwetu, kama ujuavyo, huanza mezani, huhamia mlangoni, hupumzika kwenye ngazi za nje, hufufuka kwenye maegesho, na humalizika mtu akiwa ameegemea dirisha la gari akisema "haya basi" kwa mara ya tisa. Nina uzoefu wa kutosha: dakika arobaini kwa mwendo wa haraka. Neno lilihitaji sekunde moja.

3. Kwamba haliwezi kurekebishwa kati ya ndugu.

Baada ya kulisema, dada aligeuka akaniona. "Verlyn! Hukusikia, au umesikia?" Nikamjibu, "Siyo mbaya." Ndivyo nilivyojibu. Nilikuwa nimeibiwa kitu cha miaka ishirini na miwili nikasema siyo mbaya, na nikaongeza kwamba kahawa ya leo ni nzuri. Tangu hapo wiki tatu zimepita. Nikimwendea leo nikamwambia ameniharibia, ataona haya kwa wiki zote tatu kwa mpigo, ataniokea mkate, nitalazimika kumrudishia sahani ikiwa na kitu ndani, naye atarudisha yangu na kitu, na hatutamaliza kabla ya Krismasi. Hivyo nimeona afadhali niishitakie Serikali.

4. Kwamba Neno linanifuata.

Silitaji hapa, maana sitaki kumfanyia mtu nililofanyiwa. Nitasema tu kwamba ni mnyama, anatembea na nyumba yake, na hana haraka. Zaidi ya hapo hutanitoa kitu.

Angekuwa simba au twiga nisingekuwa na shida. Lakini mji wetu wa Fossby, kila Jumatano ya kiangazi, unafunga barabara kuu na kuwashindanisha hao hao wanyama mbele ya duka la zana. Ni mashindano ya watoto, kila mnyama na namba yake mgongoni. Na mwamuzi kwa miaka kumi na mmoja ni nani? Ni mimi, kwa sababu ya uaminifu wangu. Jumatano tarehe 21 nilishika kipaza sauti nikatangaza, "Mshindi ni namba kumi na saba!" Katoto kamoja kakauliza, "Babu, namba kumi na saba ya nini?" Nikasema, "Ya huyo hapo." Kakasema, "Huyo anaitwaje?" Nikajifanya nakagua kipaza sauti. Mama yake akaniletea kiti na maji ya baridi, na jioni watu wanne walimpigia simu LaVonne kumuuliza kama nimeanza kupoteza kumbukumbu. Laiti!

Jumapili ya tarehe 25 mchungaji alihubiri juu ya subira. Alitoa mfano wa nani? Wa yeye yule. Mwenda pole hajikwai, akasema, akatoa na sanamu yake ndogo ya mbao akaiweka juu ya mimbari, ikanitazama dakika ishirini. Tarehe 30 keshia wa duka la vyakula aliniuliza kama nataka mfuko wa karatasi au wa plastiki, nami nikamjibu kwa Neno. Alisema hawana.

5. Kwamba nimejaribu kulisahau, kwa gharama ya akili yangu.

Nilikwenda zahanati nikamwomba daktari dawa ya kusahau kitu kimoja. Akasema, "Mzee Haugstad, kwa umri wako subiri tu, itakuja yenyewe bure." Sikucheka. LaVonne akanipa dawa ya kienyeji: kila Neno linaponijia, niseme "karoti" kwa sauti, mpaka karoti ilifukuze. Nimesema karoti siku kumi na sita. Nimeisema benki, nimeisema mazishini. Matokeo yake ni kwamba Neno halijaondoka, na sasa nikiletewa supu namwona yeye anaogelea ndani yake, amepumzika, kichwa nje. LaVonne ameacha kupika karoti. Anasema, "Mzee, ningejua kustaafu kwako kutakuwa hivi ningekuombea uongezewe muda kazini."

6. Kwamba Jumamosi nitakuwa mwizi.

Hapa ndipo penye kiini, Bibi Renner, na hapa sitanii. Katika kazi yangu, mfugaji akikunong'oneza majibu kabla hujachovya kipimo, unamwaga sampuli yote na kuanza upya. Hata kama majibu ni ya kweli. Hasa kama ni ya kweli. Kwa nini? Kwa sababu ukishaambiwa, macho yako hayatazami tena, yanathibitisha. Jumamosi nitapanda ngazi zako mia moja na kumi na mbili, nitafika kwenye kibao, na kibao hakitaniambia kitu. Kitakuwa kama mtu anayekusimulia kichekesho ulichomsimulia wewe. Kisha saa sita utafungua kitabu changu mbele ya watu sitini, utasoma, watapiga kelele, nami nitapokea ubao kwa neno nililolipata ukumbini, nimesimama, na keki mkononi. Kitabu chenye kurasa hamsini na nane safi na ukurasa mmoja wa kuokota kinaitwaje? Maziwa yenye tone moja la maji nimeyamwaga mtaroni, pipa zima, mfugaji akilia. Nijihurumie mimi kwa lipi?

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba yafuatayo:

(a) Kwamba neno la Njia ya Maporomoko libadilishwe kabla ya Jumamosi alfajiri, na jipya nisiambiwe mimi wala mtu yeyote anayemjua LaVonne.

(b) Kwamba neno jipya lisiwe mnyama, lisiwe mboga, na lisiwe kitu kinachoweza kuhubiriwa. Napendekeza mlichague kwa kura, na aliyelichagua apewe likizo mahali pa mbali.

(c) Kwamba Jumapili hadi Jumapili, kwenye kila ukumbi wa kanisa ulio ndani ya maili ishirini kutoka hifadhi ya jimbo, pabandikwe tangazo la kukataza habari za njia wakati kahawa inamiminwa. Askari mmoja wa hifadhi anaweza kusimama mlangoni. Atapewa kahawa.

(d) Kwamba ofisi yako ifikishe kwa wakubwa wa jimbo pendekezo la sheria, ambayo nimeshaiandika na kuiita Sheria ya Sahani, isemayo kwamba mtu mwenye vyombo mikono yote miwili ahesabiwe kama amelala, na lolote atakaloambiwa katika hali hiyo lisimhusu.

(e) Kwamba kama hayo yote yanashindikana, basi maneno yote hamsini na tisa yafutwe jimbo zima, yaandikwe mengine, nami nianze mwanzo. Nimepiga hesabu: kwa mwendo wetu wa kawaida nitamaliza nikiwa na miaka tisini na mitatu. Nilimuuliza LaVonne kama yuko tayari. Alichojibu hakifai kuingia kwenye faili la Serikali.

Jambo moja nasisitiza. Katika mabadiliko yote hayo, dada Ardis asiguswe. Yeye alilipata Neno kihalali, kila ngazi, kwa nyonga ya chuma, na kitabu chake kisomwe kama kilivyo, kwa neno la zamani. Nimeshindwa na watu wengi maishani, lakini sijawahi kushindwa na mtu ninayejivunia kama huyu. Ila msimwambie, atavimba.

Nisalimie wafanyakazi wote: binti wa dirishani na ufunguo wake, yule mzee wa kujitolea anayeishi kwenye karavani pale mwanzo wa kambi na kuuza kuni huku akikuhadithia habari za kila gogo, vijana wanaosafisha vyoo, na yule kigogota anayegonga bati la choo cha wanawake kila alfajiri kama mdai. LaVonne anakusalimu. Anasema ukija Jumamosi usilete kitu chochote, ambayo maana yake ulete saladi.

Wako mtiifu katika kutembea bila njia ya mkato,

Verlyn Haugstad,
Mkaguzi wa Maziwa (mstaafu).

Nyongeza, Jumatano, 11 Septemba.

Barua hii bado ninayo. LaVonne aliisoma akasema, "Wewe bwana, anayeomba kibao kibadilishwe si angalau akakipime?" Ni kweli. Leo asubuhi nilikuja na futi yangu ya kupimia, nikuandikie urefu, upana na idadi ya skrubu, nikurahisishie kazi. Nilipanga kulifunika neno kwa kofia kabla sijalisoma. Kwenye ngazi ya mia na kumi upepo ukaichukua kofia, ikaenda na maporomoko.

Bibi Renner, neno si kobe.

Ndiyo, nimelitaja, halina tena haja ya kufichwa. Kibao chako hakisemi kobe, wala hakisemi kitu chochote chenye miguu. Nilikaa kwenye ngazi nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na watalii wawili wakanizunguka kwa adabu. Wiki tatu za karoti! Nilikuwa safi muda wote, maziwa yangu hayakuwa na tone. Nikasema nitampigia dada simu sasa hivi, nimcheke mpaka aikate. Halafu nikaacha kucheka.

Wakati wa kurudi nilitembea polepole nikitazama. Nusu maili kutoka maegesho, kabla ngazi hazijaanza, kuna benchi, na mbele ya benchi kuna kibao kidogo kinachowaomba watu wasikanyage mayai ya kobe. Nacho ni cha kahawia, na maandishi yake ni ya njano. Katika upenyo wa mbao za benchi nilikuta karatasi saba za peremende ya mnanaa, kila moja imekunjwa mara nne, pembe kwa pembe. Anayekunja hivyo namjua mmoja tu, na amekunja hivyo tangu tukiwa watoto. Yeye peremende haitafuni, anaimumunya. Saba zinakula zaidi ya saa mbili.

Zaidi ya saa mbili alikaa pale peke yake akizitazama ngazi, siku ambayo mimi nilidhani amekuja kunishinda. Alikuwa amekuja kuijaribu nyonga kabla ya Jumamosi, mimi nisimwone ikimshinda.

Mtu aliyeona vibao hamsini na nane hawezi kukichanganya kile kidogo na kile chenyewe. Lakini miwani yake ni ya zamani. Hayo ndiyo maelezo yangu, sitaki mengine, na wewe tafadhali usimuulize. Mimi sikumuuliza na sitamuuliza.

Kwa hiyo naondoa maombi yote, kuanzia (a) hadi (e), na Sheria ya Sahani uichane. Naomba moja tu. Kabla ya Jumamosi saa sita, kibao cha maporomoko kiandikwe KOBE. Watakaoshangaa, maana wapo walioliona la zamani, pengine hata mchungaji, waambiwe neno lilibadilishwa mwanzoni mwa mwezi wa nane, kabla dada hajaja, kwa sababu kuna mzee mmoja msumbufu aliyeandika barua ndefu kudai libadilishwe. Ushahidi ndio huu, unao mkononi, ila tarehe yake uifunike kwa kidole. Rangi nitaleta mimi, na brashi, na ngazi ya kupandia.

Kama haiwezekani, nitaelewa, Serikali ni Serikali. Hapo naomba vitabu vyetu uvifungue vyote viwili kwa pamoja, usianze na chake. Nilipofika garini leo nilijaza ukurasa wangu wa mwisho, kwa wino, kama sheria inavyotaka. Nimeandika kobe.

V. H.